Kikapu Hakina Siri

Ile rambo nyeusi, pamoja na uchafu wake wote, ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeitaja siku ya kuizika: ilijua kunyamaza. Ulipita nayo Mikese yetu nzima, kutoka buchani mpaka nyumbani, na hakuna aliyejua kama umebeba kilo mbili za nyama au nusu kilo ya utumbo. Heshima ya baba mwenye nyumba ilifungwa fundo moja juu, basi.

Tarehe 1 Juni 2019 rambo ikaondoka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alishatangaza marufuku bungeni tangu Aprili, na kanuni zilipotoka zilikuwa na meno: ukikutwa nayo mkononi, faini ni kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au siku zisizozidi saba ndani. Zanzibar walishaipiga marufuku tangu 2006, Kenya 2017. Sikuwa na ubishi. Aliyeiona mitaro ya kando ya barabara wakati wa masika, imeziba kwa nailoni na maji yanaingia vibarazani, hawezi kuitetea rambo. Nilichotaka kujua ni kimoja tu: kitoweo changu kitasafiri ndani ya nini?

Kilianza kwa kusafiri ndani ya karatasi. Mfuko wa kaki unafaa sana kwa karanga. Kwa samaki wa barafu, hapana. Nilinunua perege sokoni pale mjini, muuzaji akawatia kwenye kaki na kuniapia, "Mzee, huu unafika mpaka Chalinze." Barafu ilianza kuyeyuka tukiwa bado Msamvu, maana konda alikuwa anamsubiri abiria "mmoja tu" huku tumeshakaa wanne kwenye kiti cha watatu. Maji yakanishuka pajani, yakavuka mpaka kwa mama niliyekaa naye. Akavuta kanga yake pembeni, akanitazama kwa huruma, kisha akaniinamia sikioni: "Baba, tumwambie dereva asimame?"

Kabla sijajitetea, tukafika Kingolwira, dereva akakanyaga breki, kitako cha mfuko kikaachia. Perege wakateleza chini ya viti, mmoja mpaka mlangoni. Konda akamwokota kwa mkia, akamwinua watu wote wamwone. "Jamani, huyu amepandia wapi? Hajalipa nauli!"

Ikaja mifuko mbadala, ile laini kama kitambaa, yenye rangi za harusi. Hii nayo ina sheria zake: isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, na iweze kutumika tena na tena. Sasa Mikese sisi si wageni wa mizani. Kwa miaka mingi malori ya barabara kuu yalipimwa hapa hapa, na dereva aliyezidisha mzigo alijulikana. Lakini nani wa kuupima mfuko wa shilingi 200 dukani kwa Mangi? Wangu ulijipima wenyewe. Kilo mbili za sukari zilibaki barabarani, mimi nikaendelea na safari nimeshika mishikio.

Na hiyo inayodumu, tunaisahau nyumbani. Nyuma ya mlango wa jikoni kwetu unaning'inia mfuko uliojaa mifuko, ambayo mama watoto ameifua na kuikunja vizuri. Haitoki. Mwanamume hutoka kununua vocha, akakutana na vitunguu vya bei nzuri, akanunua vitunguu na mfuko mwingine wa kuvibebea. Waliotunga kanuni walitegemea tunajua asubuhi tutakachonunua jioni. Hawajakaa na sisi. Wajanja nao walianza kubebea mizigo kwenye vile vifungashio vya nailoni vinavyoonyesha vya ndani, mpaka mwaka 2021 Baraza la Mazingira, NEMC, ikabidi ivigeukie navyo.

Ndipo mama watoto akanikabidhi kikapu cha ukindu. Kwa uimara sina la kusema: kinabeba mchele, nazi na mafuta, hakilalamiki. Shida yake ni mdomo. Ukitoka nacho kitupu, kimeshawatangazia watu safari yako. "Mwalimu, unashuka mjini? Nichukulie bamia." "Mjukuu wangu, na ugoro wangu." Unarudi na vya watu, chako umesahau. Ukirudi nacho kimejaa, kila aliyeketi barazani ana haki ya kuchungulia. Bibi wa nyumba ya kona alinikagua juma zima, kisha akauliza kwa upole kabisa kama daktari ndiye aliyetuamuru dagaa.

Muuza nyama akaniona ninavyohangaika. Akainama, akanong'ona kwamba ile nyeusi anayo, ya akiba, kwa wateja wake wa siku nyingi. Nilitamani. Halafu nikapiga hesabu: faini ya chini kabisa inanunua zaidi ya kilo mbili za nyama yake mwenyewe. Nikamwambia aiweke nyama kwenye kikapu tu, nikaifunika kwa matembele fungu zima, nikapita kwenye kona natazama milima ya Uluguru kama mtalii.

"Mjukuu wangu," bibi akaniita. "Matembele ya siku hizi yana mifupa?"