Namna ya Kutumia Dola Elfu Mbili Ili Kukwepa Mia Moja na Hamsini

Kufeli kipimo cha moshi si kazi. Gari lolote lililofikisha umri wa kupiga kura linafeli lenyewe, bila msaada wa mtu. Kazi ni kufeli kwa bei ya kununulia gari jingine. Hapo ndipo juhudi za mwenye gari zinapohitajika. Mwongozo huu ni wa Mswahili aliyeko California, mwenye gari la mwaka 2002 ambalo deni lake lilikwisha zamani, linalowaka vizuri asubuhi, na ambalo taa yake ya cheki injini imekaa sana mpaka watoto wanadhani gari zote huja nayo.

Tuanze na barua. DMV, idara ya usajili wa magari, huituma mapema kukumbusha kwamba usajili unakaribia kwisha na kwamba safari hii cheti cha moshi kinatakiwa, maana gari la petroli likishapita miaka minane hupimwa kila baada ya miaka miwili. Barua hiyo ibandike kwenye friji, karibu na kalenda ya msikiti au ya kanisa, na iache hapo mpaka wiki ya mwisho. Fundi mwenye wiki sita atatafuta ugonjwa. Fundi mwenye siku mbili atabadilisha kila kinachofunguka, na sisi tunamtaka huyo wa pili.

Kuhusu ile taa, wapo wanaoiziba kwa utepe mweusi, na wapo mabingwa wanaong'oa balbu kabisa. Mpimaji hufungua swichi kabla ya kuwasha injini ili aone kama taa inawaka. Isipowaka, umefeli kwa hilo peke yake. Yaani umefanya kazi ya mikono, ukafungua dashibodi, ukavunja vishikizo viwili vya plastiki, kisha ukalipia kuambiwa urudishe balbu. Huo ni mwanzo mzuri.

Njia inayopendwa zaidi ni skana ya dola 30. Kwa gari la petroli la mwaka 2000 na kuendelea, hakuna bomba linaloingizwa kwenye egzosi; mpimaji huchomeka waya kwenye tundu lililo chini ya usukani na kompyuta ya gari inajieleza yenyewe. Kwa hiyo, asubuhi ya kupima, futa msimbo wa kosa. Taa itazima. Endesha hadi kituoni huku ukijipongeza.

Ambacho muuza skana hakukuambia ni kwamba kompyuta ikifutwa haisahau kosa tu. Inasahau pia kwamba iliwahi kujikagua. Ina orodha yake ya vitu inavyovipima ikiwa njiani: masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye egzosi), sensa za oksijeni, mvuke wa tangi na kadhalika. Kwa gari la umri huo, kipengele cha mvuke wa tangi peke yake ndicho kinachoruhusiwa kuwa hakijakamilika. Vingine vikionekana vitupu, mpimaji anajua asubuhi ulikuwa na skana mkononi, na wewe unajua kwamba anajua. Vinarudi kwa kuendesha tu, na kuendesha kwenyewe kuna masharti: gari lilale usiku kucha mpaka injini ipoe kabisa, lipite mitaa ya ndani, kisha lishike barabara kuu kwa mwendo usiobadilika, tangi likiwa si tupu wala halijajaa. Hebu jaribu kushika mwendo usiobadilika kwenye barabara ya 405 pale Los Angeles saa moja asubuhi. Utazunguka wikiendi nzima ukichoma petroli ili kompyuta ikumbuke kile ulicholipa kuisahaulisha. Na siku inapokumbuka, taa inawaka tena, kwa sababu ugonjwa haukwenda popote. (Magari ya 2010 na kuendelea yana msimbo sugu ambao skana haiwezi kuufuta. Wenye magari hayo wamenyimwa burudani hii, tunawapa pole.)

Sasa nunua dawa ya kumimina tangini. Mimina chupa mbili, maana moja ni ya watu wenye subira.

Ukifika hapa utakutana na kishawishi kikubwa kuliko vyote: fundi mwenye leseni atakayekwambia kwamba, kabla ya kununua chochote, umlipe kama dola 150 atafute tatizo hasa liko wapi. Kataa. Mia na hamsini ya kutazama tu! Nyumbani fundi hutazama bure, tena akiwa anakunywa soda uliyomnunulia. Badala yake, mpigie simu ya video fundi wako wa Gerezani, Dar es Salaam. Muda uliobaki mpaka usajili uishe ni siku mbili, lakini kwanza muulizane hali.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Inasoma nini?”

“P0420.”

“Hayo masega hayo. Yatoe yote, gari ipumue. Ningekuwa karibu ningekutolea sasa hivi, tena masega ningeyanunua mimi.”

“Huku ukitoa ni kosa, fundi. Wanakagua.”

“Wanakagua gari isipumue?”

Fundi anasema kweli ya gereji yake, na soko la masega analijua. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndiyo maana California watu hulala chini ya Prius za wenzao usiku wa manane na msumeno wa umeme. Lakini ushauri wake, ukiufuata Los Angeles, utakufelisha kabla waya haujachomekwa, kwa sababu mpimaji hutazama pia kwa macho kama kila kifaa kiko mahali pake.

Basi fanya wanavyofanya wengi: nunua masega mapya bila kuuliza yaliyopo yaliuawa na nani. Hapa ndipo pesa yenyewe ilipo, kwa hiyo tusiende haraka.

Msimbo P0420 unatokana na sensa mbili, moja kabla ya masega na nyingine baada yake. Masega yakiwa mazima, sensa ya mbele hupanda na kushuka na ya nyuma hutulia. Ya nyuma ikianza kumwiga mwenzake, kompyuta inahitimisha kwamba masega hayafanyi kazi. Ndivyo tu inavyosema. Haisemi kwamba injini inamisi, na koili moja iliyochoka inapeleka petroli mbichi huko nyuma, ikaungue ndani ya masega mpaka yayeyuke. Haisemi kwamba ringi zimechoka, injini inakula oili, na majivu ya oili yamepaka masega kama masizi kwenye chungu cha kuni. Haisemi kwamba kuna tundu dogo kwenye bomba kabla ya sensa, linaloingiza hewa ya nje na kuidanganya. Kuyajua hayo kunataka mtu apime, na mtu huyo ndiye yule tuliyemnyima dola 150.

Nunua, basi, na ununue ya bei poa mtandaoni, kama dola 250, yaliyoandikwa kwamba yanafaa majimbo karibu yote. Hilo “karibu” lipite haraka. California hutaka masega yenye namba ya kibali cha CARB, bodi ya hewa ya jimbo, iliyogongwa kwenye bati lake, na kibali hicho kiwe cha gari la aina na mwaka wako. Mpimaji ataingiza kioo na tochi chini ya gari, ataguna, atauliza, “Namba iko wapi?” Hapo utayatoa mapya, utanunua halali kwa dola elfu moja na ushei, na fundi utamlipa mara mbili kwa kazi ile ile, boliti zile zile zenye kutu. Ukijumlisha skana, petroli ya kuzunguka, chupa mbili na ada za kupima tena na tena, elfu mbili hiyo imetimia.

Tena utapita! Masega mapya kabisa yanaweza kuificha injini mbovu kwa muda. Koili bado ni ile ile, inaendelea kuyala kidogo kidogo, na barua ijayo itakapofika baada ya miaka miwili yatakuwa tayari kubadilishwa. Koili na plagi zake zingekuwa dola mia na kitu.

Wenye magari ya 1976 hadi 1999 nao wasijione wameachwa. Katika miji mikubwa, gari hupandishwa kwenye magurudumu ya chuma, likaendeshwa hapo hapo lilipo, na moshi ukapimwa kwenye bomba. Mwishoni mnapewa karatasi yenye vipimo vya gesi tatu: HC, CO na NO. HC ikipanda, petroli inatoka bila kuungua, kwa hiyo mtu huanzia kwenye plagi. CO ikipanda, petroli imezidi hewa. NO ikipanda, ndani kuna joto la kupita kiasi, na mtu hutazama vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, na mfumo wa kupoza injini. Karatasi hiyo ni nusu ya jibu, imeshalipiwa. Ikunje uitie kwenye kibweta cha gari, pamoja na vile vipakiti vya tomato sosi.

Kifuniko cha tangi la mafuta usikiguse mpaka umekwisha kutumia kila kitu. Kikilegea au mpira wake ukipasuka, taa huwaka vile vile, na ni aibu kwa mtu mzima kuokolewa na kitu cha dola 15.

Wakati ukisubiri mshahara wa mwezi ujao, ilaumu serikali. Ukitaka kulaumu kwa usahihi zaidi, rudi Julai 1943, moshi ulipoifunika Los Angeles na wakazi wakadhani Wajapani wameshambulia kwa gesi. Aliyekuja kuonyesha kwamba chanzo ni magari na mitambo ya mafuta alikuwa Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifundisha katika chuo cha Caltech. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza harufu ya mananasi. Angebaki na mananasi yake, leo ungekuwa umelala.

Kuhusu msaada: BAR, ofisi ya jimbo inayosimamia vipimo hivi, ina mpango wa kuwalipia matengenezo wenye kipato kidogo ambao magari yao yamefeli, hadi dola 1,450 kwa gari la 1996 na kuendelea, na 1,100 kwa la 1976 hadi 1995. Sharti ni kuomba kwanza na kukubaliwa ndipo fundi aguse gari. Kilichotengenezwa kabla hakirudishwi. Kwa hiyo tengeneza kwanza, omba baadaye, kisha uwasimulie watu kwenye harusi kwamba serikali haina huruma. Ofisi hiyo hiyo hununua pia magari yaliyochoka ili yakavunjwe, dola 1,350, au 2,000 kwa mwenye kipato kidogo. Njia hii ifikirie ukishafunga masega halali na tairi nne mpya.

Vinginevyo, uza. Sheria humtaka muuzaji ampe mnunuzi cheti cha moshi kisichozidi siku 90, na hapo ndipo undugu unapokuja kusaidia. Tafuta kijana aliyetua juzi kutoka nyumbani, umwite mdogo wangu, umpunguzie mia tatu, umwambie hayo ya cheti mtayamaliza kindugu.

Pesa hiyo nunulia jingine, tuseme la 2004, kutoka kwa bwana mstaarabu sana anayekutana na wateja kwenye maegesho ya supamaketi. Dashibodi haina taa hata moja, na amelifua mpaka chini. Kwenye tovuti ya BAR, ukiandika namba ya gari, unaona bure lilipita lini na lilifeli lini. Bwana huyo naye amekuja na kalamu, na jua linazama.