Dawa ya Mama Mkwe kwa Gari Jeusi

Asiyeijua adha ya gari jeusi aje Mpanda mwezi wa Oktoba. Mvua za Novemba bado, jua linawaka bila huruma, na maji ya kuoshea yanatoka kisimani. Shemeji yangu analo jeusi tii. Alilileta mwenyewe kwa lami ya Tabora kupitia Sikonge, baada ya miaka mingi ya kubanana na magunia ya mchele kwenye treni ya Kaliua. Kila Jumamosi analiosha, na kila Jumamosi likikauka limejaa madoa meupe, utadhani kanga wa porini.

Maji ya kisima chetu ni magumu: unasugua sabuni mpaka kiganja kinauma na povu haliji. Yamebeba kalisi na magnesi zilizoyeyuka kutoka kwenye miamba. Tone likikaukia juu ya boneti, maji yanapaa, jiwe linabaki. Shemeji alikuwa akiosha jiwe kwa maji yaleyale yaliyolileta.

Sasa jaribu kusimama na ndoo kando ya gari pale Makanyagio. Hujakunja suruali, mshauri ameshafika. Wa kwanza, dereva wa bodaboda, aliagiza mafuta ya taa. Gari liling'aa hadi adhuhuri. Kufika jioni vumbi lote la mtaa lilikuwa limehamia kwake na kupata makazi ya kudumu. Kijana wa jirani akaja na dawa ya meno. Alisugua kwa moyo wote, na chembe za dawa zikachora miduara kwenye rangi. Madoa yakabaki palepale, ila sasa yalinukia mnanaa. Fundi rangi alitazama, akaguna: "Hapa ni kupiga rabingi tu, bosi." Rabingi kweli huondoa doa, lakini huondoka kidogokidogo na klia, ule utando angavu wa juu ya rangi; ukiipiga kila Jumamosi, Krismasi unaisherehekea kwenye bati. Shemeji aliposikia bei akakumbuka ana msiba wa kuwahi.

Ndipo mama yangu, aliyekuwa kwenye mkeka chini ya mwembe, akatia neno.

"Baba, birika langu likiota ukoko mweupe, mie naliloweka kwa maji ya ukwaju. Kwani hilo gari si bati?"

Fundi unaweza kubishana naye. Mama mkwe habishiwi. "Sawa, mama," shemeji akasema, akatumwa sokoni. Aliporudi, mzee mmoja akauliza ukwaju huo umechumwa wapi, maana karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, upo mkwaju ambao watu hupeleka sadaka kwa mzimu Katabi. Akahakikishiwa kwamba huu ni wa fungu, umelipiwa.

Na mama alikuwa sahihi. Ukwaju una asidi, na asidi huila chokaa. Madoa yakaanza kulegea. Tatizo ni kwamba ukwaju una sukari pia, na huu ni mkoa wa miombo, mkoa wa asali ya Inyonga. Nyuki hawakuhitaji barua ya mwaliko. Walianzia kwenye kioo cha mbele, wakashuka kwenye boneti, wakamfikia mwenye gari. Mkwe hakimbii mbele ya mkwe, kwa hiyo shemeji alitembea. Alitembea kwa kasi ambayo bodaboda wangemwonea wivu, huku akiitikia, "Nipo, mama, nafuata kitambaa." Mama mwenyewe alishafunga mlango kwa ndani.

Jumamosi iliyofuata tukahamia kwenye siki nyeupe, inayofanya kazi ileile bila kualika wageni. Gari likawekwa kivulini mpaka bodi ikapoa. Siki ikachanganywa na maji nusu kwa nusu, kitambaa kilicholowa kikalazwa juu ya madoa kwa dakika moja hivi, pakasuuzwa vizuri, kisha ikapakwa nta, kwa kuwa siki huondoka na ile ya zamani. Lakini kilichomaliza kesi ni kulifuta gari kavu kabla jua halijalikausha. Washauri wote wale walijua cha kupaka. Hakuna aliyesema futa, labda kwa sababu kufuta hakuna wa kukuuzia.

Gari sasa halina doa hata moja. Dada yangu ndiye anayezunguka nyumba nzima akiuliza taulo lake la kuogea liko wapi, na shemeji, kwa mara ya kwanza, hataki ushauri wa mtu.