Fidla ya Safu ya Pili

Hapa Unguja, mtu aingiapo ukumbini kusikiliza taarab hupewa kwanza bashrafu, kipande cha ala tupu kisichoimbwa, ambacho kwa sharia ya waliotufundisha kimewekwa ili kuzituliza nyoyo na kuzitayarisha kwa mashairi yajayo, na ambacho kwa desturi ya hadhira yetu kimewekwa ili watu wapate wasaa wa kutafuta viti, kuamkiana, kuulizana habari za wagonjwa, kutazamana nguo kwa jicho la pembeni na kuwapeleka watoto msalani. Mimi nimepiga fidla katika safu ya pili ya chama chetu tangu ujana wangu, na katika umri huo nimepiga bashrafu nyingi ambazo hakuna aliyezisikia ila sisi wenyewe tuliozipiga, na hata miongoni mwetu sina yakini na mpiga dumbaki.

Mtu mwenye nadhari, akitaka kutoa albamu yake ya kwanza baada ya maisha ya kukaa nyuma ya waimbaji, angetafuta mshairi hodari, akatafuta na mwanamke mwenye sauti ya kuwatoa watu machozi na noti, kisha akaliandika jina lake juu ya kazi yao. Mimi niliazimia kutoa albamu ya bashrafu tupu. Hoja zangu hazikuwa dhaifu. Sayyid Barghash, aliyetawala baina ya mwaka 1870 na 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchi ya Misri akajifunze kupiga kanuni, wala hakumpeleka akajifunze kuimba. Kwa hiyo, kwa ushahidi wa tarikhi, ala ndizo zilizotangulia na maneno yalikuja kupanda baadaye. Mke wangu, ambaye huzisikiliza hoja zangu kama hadhira isikilizavyo bashrafu, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, aliyempigia fidla aliitwa nani? Nikamjibu kwamba Shaaban Robert ameandika wasifu mzima wa bibi yule na nitamtafuta humo. Akasema, “Mtafute, mimi napika.”

Habari ilipomfikia mwenyekiti wa chama (na katika Mji Mkongwe habari haihitaji miguu, madirisha yanatosha) aliniita kwa taadhima iliyonitia khofu. “Maalim,” akasema, “tumesikia unatuhama.” Nikamwambia sihami, natoa albamu tu. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyekwisha kuona mengi, akanikumbusha kwamba Mbaraka Mwinshehe naye hakuanza kwa kuhama, na bado mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaenda Super Volcano. Ikanilazimu kumweleza kwamba Mbaraka alitunga, akaimba na kulicharaza gitaa mpaka akapendwa nchi nzima, ilhali mimi mkutano mkuu wa chama uliopita ulifunguliwa kwa watu kuulizana kama nimefika, nami nimekaa mbele yao. Mwenyekiti alitafakari, akaridhika kwamba hatari ni ndogo, na ridhaa ile iliniumiza kuliko tuhuma.

Basi nikaenda Ng'ambo, kwenye chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani, nikapiga fidla yangu peke yangu. Hapa sina budi kumfahamisha asiyejua kwamba katika taarab yetu ya kale fidla, udi, kanuni na akodiani zote hufuata lahani moja, kila ala ikiipamba kwa namna yake, hata mpiga fidla akitengwa na wenziwe hatoi jambo jipya, bali hutoa jambo lile lile lililopungukiwa na watu. Fundi mitambo alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akavua vitu vyake vya masikioni, akauliza wengine watafika saa ngapi.

Nikamwita mpiga dumbaki. Mpiga dumbaki akasema haji bila mpiga dufu, kwani ni shemeji yake na wamekuja pamoja katika kila jambo tangu ile harusi. Mpiga udi alipita kusalimia tu, lakini alipita na udi wake. Aliyekosekana ni mpiga nai, na yeye kwa sababu alihamia Maskati zamani na chama hakijapata badala yake. Mwisho akaja mwenyekiti mwenyewe, kwa nia, alivyosema, ya kuhakikisha kwamba wanachama hawapotoshwi, akaifungua kanuni yake magotini akaanza kuilinganisha. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na unyevu wa masika hauna huruma nazo, hata alipoufikia uzi wa mwisho, ule wa kwanza ulikuwa umekwisha kulegea, akarudi mwanzo kwa subira ya watu wema. Na chumba kile kilikodishwa kwa saa. Hivyo ndivyo albamu ya peke yangu ilivyopigwa na watu wale wale, kwa safu zile zile, isipokuwa safari hii kahawa na halua nilinunua mimi.

Magodoro yalizuia mengi. Yalizuia honi za bodaboda na ugomvi wa jirani. Hayakumzuia kunguru. Ndege hawa si wenyeji. Waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa ili watusaidie kuondoa taka za mji, na tangu hapo taka zimebaki na kunguru wamezidi. Mmoja wao alitua dirishani katikati ya bashrafu ya Bayati, mahali nilipokuwa nimejiachia pumzi ndefu ya kuonyesha ufundi wangu, akasema neno lake mara tatu. Nilitaka liondolewe. Fundi akahangaika na mitambo mpaka magharibi, kisha akaniambia, bila kukusudia ubaya wowote, kwamba sauti ya ndege na sauti ya fidla zimekaa mahali pamoja, akimtoa mmoja humtoa na wa pili. Tukamwacha.

Mchapaji wa jalada alikuwa na karatasi yake yenye nafasi ya kujazwa “Mwimbaji”, wala hakuwa mtu wa kustahimili nafasi tupu. Akaniandika mimi.

Ndiyo sababu usiku wa uzinduzi, baada ya Isha, ukumbi ulijaa jamaa na majirani waliokuja kumsikia mtu ambaye hawajapata kumsikia hata akijibu salamu kwa sauti. Tulipiga bashrafu ya kwanza, wakatafuta viti. Tukapiga ya pili, wakaamkiana. Ya tatu ikawakuta wamekwisha kuulizana habari za wagonjwa wote wa mjini na baadhi ya shamba, na tulipoimaliza sauti moja ikatoka nyuma, yenye upole kabisa: “Haya, anzeni basi.”

Shangazi yangu alikuwa amekuja na noti ya shilingi elfu kumi ya kunituza. Kutuza kuna adabu zake: mwanamke huinuka pale ubeti unapomgusa yeye, au unapomgusa jirani yake vizuri zaidi, akaenda mbele kwa mwendo wa madaha, noti iko juu, akampa mwimbaji. Pasipo ubeti mtu hajui ainuke wapi. Aliinuka, akakaa, akainuka tena, akakaa, na katika bashrafu ya mwisho, damu ikiwa nzito kuliko maji, akaja mpaka mbele, akatupitia mmoja mmoja akitafuta kinywa kilichofunguka, akakipata cha mwenyekiti, aliyekuwa akipiga mwayo. Mwenyekiti ni mtu wa insafu; noti hakuitia mfukoni, aliiandika katika daftari la chama chini ya mapato ya uimbaji.

Biashara haikukosa. Bwana mmoja wa Darajani alinirudishia sidii yake akisema imekwama, kwani inarudia pale pale. Nikamweleza kwamba bashrafu ina khana zake, na baada ya kila khana kipande kiitwacho taslimu hurejea, nayo ndiyo sharia tangu kwa Waturuki. Akanisikiliza, akaomba isiyorudia.

Mteja wa kweli ni mpishi wa biriani za harusi, aliyenunua nyingi kuliko ukoo wangu wote pamoja, kwa kuwa, alisema, watu hula vizuri wakiisikiliza, hakuna maneno ya kuwakatiza. Juma lililopita alinijia na jambo la ziada. Bashrafu zote ni nzuri, lakini kile kipande cha nai katika ile ya Bayati kimemkaa moyoni, naye angependa kujua mpigaji yule anatoza kiasi gani kuja harusini. Nikamwambia hatozi kitu, ila pakiwa na chakula huja na jamaa zake wote.