Barua ya Wazi kwa Bodi ya Leseni za Silaha

Kwa Mwenyekiti na Wanachama,
Bodi ya Leseni za Silaha,
Nairobi.

KUH: PONGEZI KUTOKA NG'AMBO ZA MOMBASA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Likoni kwa feri, Kisauni kwa daraja la Nyali, na Changamwe kwa njia ya Makupa. Nawaandikia kuwapongeza. Katika nchi ambayo mhalifu ni shida kumpata, nyinyi mmempata mtu asiyewapotea hata siku moja: mwagizaji wa bunduki mwenye leseni. Ana duka lenye kibao, ana chumba cha chuma, ana daftari la kila bunduki iliyoingia na kila aliyeinunua. Mkimwita saa mbili asubuhi, saa mbili kasorobo yuko mlangoni na faili kwapani. Ni haki kabisa kila sheria mpya ianzie kwake.

Bidhaa yake nayo ni tiifu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka kibali kabla haijaingia nchini, na anayeinunua hana budi kuwa na cheti. Itifaki ya Nairobi ya 2004 ikaongeza kwamba bunduki itiwe alama inapoingizwa, ijulikane ni ya nchi gani na mwaka gani. Yaani bunduki ya Kicheki ikifika Kilindini inapata utambulisho upesi kuliko kijana wa Mishomoroni anayezungushwa miaka akitafuta kitambulisho cha taifa.

Biashara hii imezoea kuamshwa na amri. Mei 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji. Sina kinyongo, tembo walikuwa wakimalizwa. Lakini mfikirieni aliyekuwa na rafu nzima ya bunduki nzito za kuangushia nyati. Alilala akiwa na bidhaa, akaamka akiwa na vyuma. Mtumba ukikosa wateja unatandazwa Kongowea kwa bei ya kutupa, bunduki haitandazwi.

Ikaja Desemba 2018. Waziri Fred Matiang'i akafuta leseni zote za silaha za raia, akawapa wenye nazo siku 90 waende wakapigwe msasa upya. Sababu haikuwa mbaya: leseni zilikuwa zimetolewa kiholela, na waheshimiwa fulani walikuwa hawaoni taabu kuchomoa mguu wa kuku baa. Ila leseni haijiandiki. Aliyezitoa kiholela ni ofisi. Aliyepangishwa foleni ni mwenye nazo. Naye mwagizaji akakuta wateja wake wote wamegeuka washukiwa kwa kumiliki kitu alichowauzia kwa baraka za Serikali hiyohiyo. Tuseme alikuwa na mzigo baharini, umelipiwa, una vibali. Nahodha hageuzi meli kwa sababu waziri amehutubia waandishi wa habari. Kontena likiteremshwa, ada ya kulihifadhi bandarini inahesabiwa siku kwa siku, nayo haisubiri mtu apigwe msasa.

Tukadhani Serikali imeichukia bunduki. La hasha. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha silaha ndogo kule Ruiru, chenye uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Kumbe bunduki haina ubaya, mradi anayechuma kwayo awe Serikali.

Sasa niruhusuni niwatembeze huku kwetu, muone matunda ya kazi yenu.

Likoni: Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi waliingia kituo cha polisi, wakaua askari, wakaondoka na bunduki. Watu wengi waliuawa katika siku zilizofuata, na maelfu wakahama makwao. Bunduki hizo hazikutoka duka la mtu. Zilitoka ghala la Serikali, na waliozichukua hawakujaza fomu yoyote.

Changamwe: Novemba 28, 2002, makombora mawili yalifyatuliwa karibu na uwanja wa ndege wa Moi kuilenga ndege ya abiria ya Israeli. Kwa rehema za Mungu yalikosa. Kombora la aina ile lina urefu wa karibu mita moja na nusu, halifichiki mfukoni. Lilifika, na hakuna aliyeliuliza cheti.

Bandarini je? Februari 2009 meli ya MV Faina, iliyokuwa imetekwa na maharamia wa Kisomali tangu Septemba 2008, ilitia nanga Mombasa na vifaru 33. Hati zilikuwa na herufi GOSS. Ulimwengu ukasoma Serikali ya Sudan Kusini. Sisi tukaambiwa ni mambo ya jeshi letu. Mlenga shabaha wa Bamburi akiagiza bunduki moja hujieleza kwa kina kuliko vifaru 33.

Na Kisauni: huku anayetoka kazini usiku hatetemekei mtutu. Anatetemekea panga, lile la vijana wa makundi kama Wakali Kwanza na Wakali Wao. Panga halina nambari wala cheti, na aliyeliagiza hajawahi kupigwa msasa. Lakini tafadhali, msije mkafuta mapanga yote nchini kwa siku 90. Tunakatia madafu.

Waheshimiwa, kejeli kando, maombi yangu ni matatu. Kwanza, sheria ya silaha ibadilishwe Bungeni, ipewe tarehe ya kuanza, na mzigo ulioagizwa kihalali kabla ya tarehe hiyo uwekewe utaratibu: upokewe, urudishwe au ulipwe. Pili, kila silaha inayosalimishwa itolewe stakabadhi, na umma uambiwe zimekusanywa ngapi na zimeteketezwa ngapi. Tatu, daftari mnalomdai mwagizaji mlidai na kwenye maghala ya polisi na jeshi, kisha hesabu yake isomwe Bungeni kila mwaka.

Mkitaka kukaza sheria, kazeni. Hakuna mzazi wa Likoni atakayewalilia wauza bunduki. Ila mjue kwamba silaha zilizotuua huku hazikupita dukani kwao. Tafuteni zilikopita, mfunge huko.

Wenu mtiifu, kama mwagizaji,
Mkazi wa Mishomoroni, Kisauni.