Kamati ya Mapumziko

Zamani sisi wa Usagara tulipumzishwa kwa lazima. Ukitaka kwenda Sengerema au Geita ulishuka hadi Kigongo, ukakuta foleni ya malori, mabasi na magari ya harusi, na kivuko kiko ng'ambo, Busisi. Kitarudi kikirudi. Mtu aliyetoka nyumbani na haraka zake zote alishuka garini, akanunua samaki wa kukaanga, akasalimiana na wakwe ambao mjini huwakwepa, kisha akasinzia kivulini. Aliyepiga simu kumfokea aliambiwa, "Niko kivukoni," na ugomvi ukaishia hapo. Saa mbili zilipita huku mtu amekaa, na hakuna aliyemwita mvivu.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Daraja la J.P. Magufuli: kilomita tatu juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700. Siku hizi unavuka kwa dakika chache tu, na wanaowakimbiza wagonjwa usiku wanajua thamani ya dakika hizo. Lakini kisingizio chetu nacho kimevushwa na hakijarudi. Ndiyo maana ukoo wetu ukaona sasa mapumziko yapangwe. Na kwetu, jambo likishapangwa huundiwa kamati.

Mwenyekiti akawa Baba mkubwa, mwalimu mstaafu ambaye filimbi yake haijastaafu. Katibu akawa shemeji, kwa sababu ana mwandiko mzuri na hana pa kukimbilia. Uhazini akapewa Shangazi, maana katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumkopa akafanikiwa. Likafunguliwa kundi la WhatsApp, likaitwa "Mapumziko Ziwani", na tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika. Alfajiri simu zinalia: nani ametuma elfu kumi bila kuandika jina? Mchana katibu anakumbusha waliotoa ahadi. Usiku binamu aliyeko Dodoma, ambaye haji, anapendekeza rangi ya sare.

Kisha ukaja mjadala wa mahali. Sisi watu wa kando ya Ziwa Victoria hatuna shida ya mahali. Shida yetu ni kwamba pako pengi na kila mwanakamati ana pake. Shemeji alileta hoja ya Saanane. Akaeleza kwamba ni hifadhi ya taifa tangu 2013, iko ndani ya Jiji la Mwanza, kutoka Capri Point ni dakika chache kwa boti, na jina lake limetokana na Mzee Saanane Chawandi aliyeishi pale akilima na kuvua. Kuna swala, kuna mamba, kuna pimbi kwenye miamba.

Shangazi akamkatiza hapo hapo. "Pimbi? Pimbi ninao nyuma ya jiko. Nilipe kiingilio kwenda kuwasalimia ndugu zao?"

Baba mdogo akasimama na Rubondo yake. Huyu alisoma mahali kwamba kati ya 1966 na 1969 sokwe waliokuwa kwenye bustani za wanyama za Ulaya waliletwa kisiwani humo, wakafunguliwa mlango, wakaachiwa msitu, na vizazi vyao vipo mpaka leo. "Waliokuwa kizimbani walifunguliwa, wakaachwa. Basi," akasema. "Hakuna aliyewaita kwenye kikao. Nasi tufanyiwe hivyo hivyo." Mwenyekiti alipuliza filimbi, akamwambia yuko nje ya ajenda. Mpaka leo naamini hiyo ndiyo hoja pekee ya maana iliyotolewa katika kikao kile.

Mwenyekiti mwenyewe alitaka Ukerewe. Si kwa ajili ya fukwe, wala kwa ajili ya lile jiwe linalocheza kule Ukara, bali kwa heshima ya Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hicho, aliyekamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Akatuhutubia juu ya subira ya miaka thelathini na mitano. Kamati ilimsikiliza kwa makini, na kwa jinsi mambo yalivyoendelea baadaye, nadhani iliona huo ndio mwendo unaoifaa.

Mwishowe mhazini akafungua daftari, akasoma kilichopo, na visiwa vyote vikazama palepale. Fedha iliyochangwa ilitosha kutufikisha Kigongo. Ndiyo, Kigongo: pale pale tulipokuwa tukilala usingizi wa bure tukisubiri kivuko, sasa tunakwenda kwa michango, sare na muhtasari wa kikao.

Siku ilipofika, ratiba ilibandikwa kwenye kioo cha Noah. Saa nne kuwasili. Saa nne na robo sala. Saa nne na nusu utambulisho, ingawa wote tumezaliwa katika nyumba tatu zinazopakana. Saa sita "kupumzika", dakika thelathini. Saa sita na nusu nasaha za wazee. Ndani ya gari hilo mlikuwa na majiko mawili, gunia la mkaa, mikeka, hotipoti, spika inayomfika mtu kifuani, jenereta, na michembe ya Shangazi ya kulisha kijiji. Watu tulijipanga katika nafasi zilizobaki.

Kamati ndogo ya chakula ilikuwa na habari yake. Ili kukwepa bei za ufukweni, ilijihimu kwenda Mwanza mjini kununua sato. Kwa hiyo samaki yule alivuliwa ziwani, akapelekwa sokoni, akanunuliwa, akapandishwa gari, akarudishwa ziwani, akakaangwa hatua chache kutoka kwa mvuvi aliyekuwa akishusha wenziwe waliokuwa bado wanarukaruka. Mvuvi alituuliza sato wetu tumemnunua bei gani. Shangazi akamjibu, naye akacheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi.

Mandhari nayo ilikuwa na lake. Upepo wa usiku ulikuwa umesukuma magugumaji yote upande wetu, yakatanda kutoka ufukweni hadi mbali, kijani kibichi na maua ya zambarau. Tuliotoka shambani kwenda kutazama maji tukakuta shamba limetusubiri. Mpiga picha akaambiwa alenge daraja. Watoto waliotaka kuoga walisomewa sheria ndogo na Baba mkubwa: maji ya kina kifupi yenye majani yana konokono, konokono wana kichocho, na asiyeogopa konokono amkumbuke kiboko. Wakavua viatu, wakavivaa tena.

Tulipofika kwenye nasaha za wazee, jenereta ikazima. Petroli ilikuwa jukumu la kamati ndogo ya usafiri, ambayo ilidhani ni jukumu la kamati ndogo ya burudani. Spika ikanyamaza. Mwenyekiti akajaribu kuendelea kwa sauti ya kawaida, upepo ukaichukua ukaipeleka Busisi. Katibu akatafuta ratiba, haikusema lolote kuhusu hali hiyo. Basi, kwa kukosa mtu wa kutuelekeza, tukajinyoosha kwenye mikeka. Baba mdogo alikuwa wa kwanza kukoroma. Shangazi akavua kiatu, akala michembe, akasimulia habari za bibi ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzisikia. Shemeji alisahau kuandika.

Jumapili iliyofuata kamati ikaketi kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Kwa mujibu wa taarifa, shughuli ilifana, isipokuwa "kipindi cha alasiri ambapo ratiba haikufuatwa". Ili dosari hiyo isijirudie, imeundwa kamati ndogo ya jenereta.

Ndugu msomaji, ziwa lipo na halikusanyi ahadi. Ukichoka, panda daladala ya kwanza, nenda kando ya maji, nunua samaki kwa mvuvi, kaa. Ukimwona mtu anatafuta kalamu aandike mahudhurio, geuza urudi nyumbani. Huko nako pana kivuli.