Nipimie Ile ya Rahisi

Jirani yetu wa Kigamboni ana boti ya jeti: haina pangaboi, huchapuka kwa kutema maji kama ngisi aliyeshtuka. Spika zake pekee zingenunua mtumbwi. Siku ya kumwaga oili akaingia dukani na chupa tupu ya maji.

"Nipimie ile ya rahisi."

"Bosi, chukua ya boti, yenye alama ya FC-W, inazuia kutu ya chumvi. Na filta. Na pampu ya kunyonya oili ya zamani kupitia tundu la kijiti cha kupimia."

"Ghali!"

Filta kuukuu akaipangusa kwa kipande cha kanga.

Jumapili boti ilirudi salama salimini, ikivutwa na mtumbwi wa kasia. Injini ya mtumbwi huo haidai oili. Hudai ugali tu.