Jinsi ya Kuwagawa Watanzania Milioni 61 bila Ugomvi

Huku Kilema, Kilimanjaro, tunajua kugawa ni kazi. Kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, ndugu wanne, mgomba umeota mpakani: kikao kinaweza kukesha. Basi wewe anza na jambo jepesi, gawa taifa zima. Sensa ya 2022 ilitupatia namba 61,741,120. Chukua kalamu na daftari, keti penye kivuli, ufuate hatua hizi.

1. Anzia mkiani. Sifuri ya mwisho inakuambia kwamba namba inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Gawa kwa 2 hadi igome. Itakubali mara sita. Gawa kwa 5 mara moja. Sasa umebaki na 192,941.

2. Wakwepe ndugu watatu. Jumlisha tarakimu za namba ya sensa: 6+1+7+4+1+1+2+0 = 22. Kwa kuwa 22 haigawanyiki kwa 3, hata taifa halikubali. Ukilazimisha, Mtanzania mmoja atakosa kundi, na lawama utabeba wewe.

3. Jaribu ndugu saba. Kata namba tatu tatu: 61, 741, 120. Jumlisha za pembeni upate 181, kisha zitoe katika 741. Jibu ni 560, yaani 7 × 80. Basi namba nzima inagawanyika kwa 7. Siri ya kukata tatu tatu ni kwamba 1,001 ni 7 × 11 × 13, hivyo yenyewe inagawanyika kwa 7.

4. Usikate tamaa. Ukigawa 192,941 kwa 7 unabaki na 27,563. Hapa wengi hufunga daftari. Jaribu 7 tena, 11, 13, 17, endelea na namba tasa moja baada ya nyingine. Ukifika 43, mlango unafunguka: 43 × 641, zote tasa. Na hiyo 641 ina historia. Pierre de Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Namba hiyohiyo imo ndani ya sensa yetu!

5. Tangaza matokeo. 61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641. Ina vigawo 112, kwa hiyo kuna njia 112 za kutugawa sawasawa, bila mzee wa ukoo kuitwa.

6. Ongeza kichanga mmoja. Tuseme alizaliwa Kilema usiku ule wa sensa, wa kuamkia 23 Agosti, karani akamsahau. Namba inakuwa 61,741,121. Namba mbili zinazofuatana hazishirikiani namba tasa hata moja, hivyo 2, 5, 7, 43 na 641 zote zinaondoka, na 13 inaingia. Mtoto hajapewa hata jina, ameshabadilisha taifa zima kwa ndani.

7. Karani akibisha hodi tena, mtajie kila mtu. Bibi aliyelala chumba cha nyuma, mgeni, na kichanga. Hakuna mtu mdogo katika namba kubwa.